Nori za Battambang: uchambuzi wa kiberenge cha mianzi kilichogeuka burudani

Reli ni moja, na nori mbili, yaani vichanja vya mianzi vyenye magurudumu na injini ndogo, zinakuja uso kwa uso, kila moja na watalii wake, katikati ya mashamba ya mpunga nje ya mji wa Battambang, Kambodia. Hakuna njia ya kupishania wala taa za kuongozea. Madereva wanapunguza mwendo na kusimama hatua chache kutoka kwa mwenzake, kisha ile yenye mzigo mdogo inashushwa. Abiria wanateremka, mkanda wa injini unavuliwa, injini inanyanyuliwa, kichanja cha mianzi kinalazwa kwenye nyasi na ekseli mbili, vyuma vyenye magurudumu, zinafuata. Nori ya pili inapita. Vile vilivyoshushwa vinarudishwa relini na safari inaendelea. Mikono iliyozoea huimaliza kazi yote kwa muda wa dakika moja hivi.

Kupishana huko ndicho kisa chetu. Tumekichagua kwa sababu karibu kila sifa ya nori na karibu kila hatari yake inatokana na sharti moja: watu wawili waweze kuiondoa relini kabla chombo kingine hakijafika. Mgeni anayelipa kuipanda anafurahia matokeo ya sharti hilo bila kuambiwa. Tatizo linakuja pale sharti linapoondoka na muundo ukabaki vilevile, na hilo ndilo lililotokea tangu 2017.

Ilikotoka

Reli hiyo ilijengwa na Wafaransa. Treni kutoka Phnom Penh zilifika Battambang mwanzoni mwa miaka ya 1930, na baadaye njia ikaendelezwa hadi Poipet, mpakani na Thailand. Upana wake ni mita 1, sawasawa na reli kongwe za Afrika Mashariki, kwa hiyo msomaji aliyewahi kuona kiberenge cha wakaguzi wa reli anaweza kukadiria ukubwa wa chombo tunachokizungumzia.

Vita ya 1970 hadi 1975, kisha utawala wa kikomunisti wa Khmer Rouge wa 1975 hadi 1979, viliiacha njia hiyo hoi. Treni ziliporudi katika miaka ya 1980, mabomu yalikuwa yakitegwa relini, na mabehewa bapa yakatangulizwa mbele ya kichwa cha treni ili yapokee mlipuko wa kwanza. Aliyekubali kukaa behewa la kwanza hakulipa nauli. Wa behewa la pili alilipa nusu. Watu walipanda, kwa kuwa barabara hazikuwa na usalama zaidi na wakati wa mvua nyingi hazikupitika kabisa.

Katika hali hiyo wanavijiji wakaunda chombo chao. Nori za mwanzo zilikuwa kichanja juu ya magurudumu, dereva akisukuma kwa upondo kama mtu wa mtumbwi kwenye maji mafupi. Injini ndogo za petroli zilikuja baadaye. Nori ilibeba mpunga, kuni, mifugo, pikipiki, wagonjwa na wanafunzi. Kiasi kinachotajwa mara nyingi ni watu 10 hadi 15, au mpunga wa hadi tani 3. Katika miaka ya 2000 treni ya abiria ilikuwa ikipita mara moja kwa wiki, na mwaka 2009 huduma hiyo ikasimama. Kwa siku sita za wiki, na baadaye zote saba, reli ilikuwa mali ya nori.

Watalii walifuata. Njia yao ilikuwa kati ya O Dambong, kilomita chache kutoka katikati ya mji, na O Sra Lav, umbali wa kilomita 7 hivi. Nauli iliyozoeleka kwa mgeni ilikuwa dola 5 za Marekani, fedha inayotumika Kambodia sambamba na riel. Mwisho wa njia palikuwa na vibanda vya vinywaji na fulana. Wageni walipumzika kidogo, kisha wakarudi walikotoka.

Chombo chenyewe

Nori ina sehemu nne, na hakuna bolti inayoziunganisha.

Ya kwanza na ya pili ni ekseli: chuma cha mviringo chenye gurudumu kila mwisho. Magurudumu yamekazwa kwenye chuma hicho, kwa hiyo yote mawili huzunguka pamoja. Mengine yalitokana na vyuma vya vifaru vilivyoachwa na vita, mengine yalichomelewa kwa kazi hiyo. Kila gurudumu lina ukingo upande wa ndani, unaolizuia lisitoke relini. Ekseli ya nyuma ina puli, gurudumu dogo la kupitishia mkanda.

Ya tatu ni kichanja chenye urefu wa mita 3 hivi: fremu ya mbao au chuma iliyofunikwa fito za mianzi. Chini yake kuna mikato inayokalia beringi za ekseli. Kinachokishika hapo ni uzito wake tu, pamoja na uzito wa waliokikalia.

Ya nne ni injini ya nguvu farasi 6 hivi, ya aina inayosukuma pampu za maji au mashine za shamba. Inakaa nyuma, juu ya kichanja, na mkanda wa mpira unashuka kutoka kwake hadi puli ya ekseli. Giaboksi hakuna, wala klachi ya kawaida. Dereva akisogeza injini nyuma kwa mti, mkanda unakaza na nori inaondoka. Akiiachia, mkanda unalegea na nori inaserereka yenyewe. Breki ni kipande kinachokandamizwa kwenye magurudumu ya nyuma kwa nguvu ya dereva.

Nguvu farasi 6 zinaonekana chache kwa chombo kinachofika kilomita 40 kwa saa, wakati mwingine 50. Zinatosha, kwa sababu gurudumu la chuma juu ya chuma halina mvutano mwingi. Nori yenye uzito wa kilo 550 pamoja na watu wake, ikipata upinzani wa asilimia 1 ya uzito huo, inahitaji chini ya kilowati 1 kudumisha mwendo wa kilomita 40 kwenye tambarare. Urahisi huohuo wa kwenda ndio ugumu wa kusimama.

Watu husema mianzi ilitumika kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Ni kweli, ila kuna faida ya pili ambayo hutajwa mara chache. Nori haina springi. Kwenye reli iliyopinda na kubonyea, fremu isiyopinda hata kidogo ingekanyaga kwa magurudumu matatu na kuliacha la nne likining'inia, na gurudumu lisilo na uzito ndilo linalopanda juu ya reli na kutoka. Kichanja cha fito hujipinda kidogo na kufuata njia, magurudumu yote manne yakabaki chini. Anayetaka kukiimarisha kwa kuchomelea mabamba mazito ya chuma anaondoa ulegevu uliokuwa ukimlinda.

Kupishana, hatua kwa hatua

Anayeshuka ni nani? Kanuni ya njiani ni kwamba mwenye mzigo mdogo anampisha mwenye mzigo mkubwa, na nori moja inaupisha msafara. Ni kanuni ya watu wa kazi: nguvu inayopotea ni ndogo kabisa ikiwa kinachobebwa ni chombo chepesi. Kwa watalii mzigo ni vichwa, basi watu wawili wanawapisha watano.

Baada ya kusimama, injini huzimwa. Abiria wanashuka upande mmoja, ule usio na mteremko mkali wa tuta. Mkanda unavuliwa kwenye puli ya injini kwanza. Injini inanyanyuliwa na kuwekwa mahali pakavu, bomba la moshi likielekea mbali na watu. Kichanja kinashikwa mbele na nyuma, kinainuliwa wima ili kitoke kwenye beringi, kisha kinapelekwa pembeni. Mtu akikiburuta badala ya kukiinua, kingo za mikato zinaliwa, na baada ya muda kichanja kinacheza juu ya ekseli. Ekseli ndizo za mwisho, na hapo vidole huumia: gurudumu likiteleza linarudi relini na kubana mkono uliokuwa chini.

Kurudisha kunafuata mpangilio wa kinyume, na kunahitaji umakini zaidi. Ekseli yenye puli iwe nyuma na puli iwe upande wa injini. Ekseli zikae mraba na reli, yaani zizikate reli kwa pembe mraba, kabla kichanja hakijashushwa. Kila mkato uonekane umekalia beringi yake kwa macho, si kwa kukisia. Pembe moja iliyokaa juu ya ukingo wa beringi itahimili abiria wakiwa wametulia, kisha itaanguka kwenye kiungo cha kwanza cha reli. Mkanda usiwe umejisokota. Halafu nori isukumwe kwa mkono mita tatu au nne bila injini. Gurudumu linalokwaruza husikika hapohapo, na kuligundua wakati huo hakumgharimu mtu kitu.

Pale O Sra Lav kazi hii ilifanyika hata kama hakuna nori iliyokutwa njiani. Injini inazunguka upande mmoja na hakuna rivasi, kwa hiyo ili kurudi lazima chombo kigeuzwe. Kumbuka hilo, tutalihitaji mbele.

Panapoharibika

Wageni wengi huogopa madaraja madogo yasiyo na kingo na kelele za viungo vya reli. Kelele ni kubwa kweli: vyuma vimeachana, vingine havilingani kwa kimo, na gurudumu dogo linaingia katika kila pengo. Madhara yake ya kawaida ni kwa mgongo na meno. Aliyekaa ameinyoosha miguu anapokea kila kipigo kwenye uti wa mgongo. Aliyekunja magoti kidogo na kukalia mkeka mnene anapokea pungufu. Mwenye mimba, au mwenye maradhi ya mgongo, asipande. Hilo halihitaji mjadala.

Hatari kubwa zaidi ni umbali wa kusimama. Tuchukue nori inayokwenda kilomita 40 kwa saa, yaani mita 11 kwa sekunde. Breki inashika magurudumu ya nyuma tu, yanayobeba kama nusu ya uzito, na reli ina vumbi na kutu. Hata breki yenyewe ikiwa nzuri, haiwezi kupunguza mwendo zaidi ya mita 0.7 hivi kwa sekunde katika kila sekunde, kwani zaidi ya hapo gurudumu linateleza. Dereva anahitaji sekunde moja na nusu kuona na kuamua: mita 17 zimekwenda. Kusimama kunataka mita nyingine 88. Jumla ni zaidi ya mita 100. Mvua ikinyesha, mshiko ukapungua nusu, jumla inazidi mita 190. Kwa kilomita 20 kwa saa kwenye reli kavu, ni mita 30 tu. Kupunguza mwendo nusu kumepunguza umbali zaidi ya mara tatu.

Hesabu hiyo inaeleza mambo mawili. Nori mbili zinazokutana, kila moja ikienda kilomita 40, zinahitaji kuonana kutoka mita 200 na zaidi. Kwenye nyoofu hilo si tatizo, kwani mashamba ni tambarare. Kwenye kona iliyofunikwa na vichaka baada ya miezi ya mvua, Mei hadi Oktoba, umbali huo haupo. Jambo la pili ni msafara. Kikundi cha wageni kinapowasili, nori nne au tano huondoka pamoja, na madereva hupenda kufuatana ili washushe na kupandisha kwa kusaidiana. Nyuma ya nori moja inakuja nyingine, mita 25 tu. Ng'ombe akikatiza, wa mbele atasimama na wa pili hataweza. Ukituuliza sehemu ipi ya safari nzima inafaa kubadilishwa leo, ni pengo hilo kati ya nori na nori. Ni jambo ambalo abiria anaweza kulidai bila kujua lolote kuhusu mashine.

Kuna namna kichanja kinavyoondoka chenyewe. Kwa kuwa kinashikwa na uzito tu, ekseli ya mbele ikigonga jiwe au mnyama na kusimama ghafla, kichanja na watu wake wanaendelea mbele. Aliyekaa ukingoni akining'iniza miguu ndiye wa kwanza kugusa chini, na chombo kinamjia kwa nyuma. Picha nzuri zaidi hupigwa kutoka hapo, na ndiyo maana lazima isemwe wazi: hakuna miguu mbele, hakuna mikono chini ya ukingo wa kichanja. Magurudumu yako sentimita chache kutoka vidole vinavyoshika fito.

Kuacha reli hutokea zaidi nori ikiwa nyepesi kuliko ikiwa imejaa, kinyume na wengi wanavyodhani. Kinacholiweka gurudumu chini ni uzito, na kinacholisukuma kupanda ni nguvu ya pembeni pale reli inapokunja ghafla. Mzigo ukiwa mkubwa, gurudumu linakaa; mtu mmoja mwepesi akikaa pembeni kabisa, upande wa pili unabaki na uzito mdogo. Dereva mwenye abiria mmoja anapaswa kwenda taratibu kuliko mwenye abiria watano, na abiria huyo akae katikati. Ekseli isiyo mraba huongeza hatari hiyo, kwa sababu gurudumu linakwenda limeelemea reli muda wote. Dalili yake ni ukingo unaong'aa upande mmoja tu.

Mkanda una matatizo yake. Ukilowa unateleza, dereva anaukaza zaidi, unapata joto, unakuwa laini kama kioo na hautashika tena hata ukikauka. Nori isiyo na mkanda wa akiba inarudi kwa kusukumwa. Kwa abiria, mkanda ni hatari ya nguo. Mgeni hununua krama, skafu ya Kikambodia ya mirabamiraba, anaivaa shingoni kwa ajili ya vumbi na kukaa nyuma karibu na injini. Ncha zikining'inia zinafika kwenye mkanda. Zifungwe kwa nyuma au zichomekwe ndani ya shati, na nywele ndefu vivyo hivyo. Bomba la moshi huunguza miguu ya wanaoshuka upande usiofaa. Jioni wadudu huwa wengi kiasi cha kuhitaji miwani, na dereva asiyeona vizuri kwa sababu ya wadudu ni tatizo la wote.

Reli iliporudi kwa treni

Serikali ya Kambodia ilikuwa na mpango wa muda mrefu wa kuifufua njia ya kaskazini, yaani hii ya Phnom Penh hadi Poipet. Nori na treni haviwezi kutumia njia moja kwa mazoea tu. Treni ya tani mia kadhaa haimpishi yeyote, na umbali wake wa kusimama haulingani na wa kichanja. Wakati treni ilipopita mara moja kwa wiki, kila kijiji kilijua siku yake na watu waliondoa nori zao. Ratiba ikiongezeka, anayetegemea kumbukumbu na sikio atakosea siku moja.

Mwishoni mwa 2017 nori za watalii za O Dambong zilisimamishwa ili njia ikarabatiwe. Mwanzoni mwa 2018 reli fupi mpya ikafunguliwa karibu na kilima cha Banan, kilomita 20 hivi kusini mwa Battambang, mahususi kwa nori za wageni. Mwaka huohuo treni za abiria zilirudi kwa hatua: kwanza upande wa Poipet mwezi Aprili, hatimaye hadi Phnom Penh mwezi Julai.

Kwa usafiri wa nchi, uamuzi huo ulikuwa sahihi. Mkulima mwenye mpunga anahitaji treni na barabara, na hapaswi kubaki na kichanja ili wageni wapate cha kupiga picha. Ila ni haki kusema kilichopotea. Nori ya O Dambong ilikuwa chombo cha kazi kilichobeba pia mtalii; njiani aliweza kukutana na mtu anayepeleka gunia, na gunia ndilo lililopishwa. Huko Banan kuna kilima chenye hekalu la kale na mandhari nzuri, lakini nori haimpeleki mtu yeyote popote anapohitaji kufika. Anayepanda afahamu analipia nini.

San Cipriano, kijiji cha msituni karibu na bandari ya Buenaventura nchini Kolombia, inasaidia kuliona hilo. Huko chombo kinaitwa brujita: benchi za mbao juu ya fremu yenye magurudumu madogo, na pikipiki iliyofungwa pembeni, tairi lake la nyuma likikanyaga reli na kusukuma vyote. Mpira juu ya chuma kikavu unashika kuliko chuma juu ya chuma, na breki ya pikipiki ni bora kuliko kipande cha mti; chuma kikilowa faida hiyo hupungua sana, na eneo lile lina mvua nyingi mno. Kupishana ni kwa kushusha vilevile. Tofauti kubwa ni kwamba kijiji kiliitegemea reli kufika nje, hivyo nauli ya mgeni ilichangia usafiri ambao wenyeji wanautumia.

Kama reli ni yako mwenyewe

Anayetandika reli ya burudani pasipo treni ameondolewa lile sharti la kutoka njiani ndani ya dakika moja. Hana tena sababu ya kuacha kichanja bila kufungwa, wala kuridhika na breki ya magurudumu mawili. Kuiga nori ya zamani kwa kila kitu, ikiwemo udhaifu wake, ni kuwabebesha wageni hatari iliyokuwa na maana kwa mkulima wa miaka ya 1980 pekee. Tungebadilisha mambo machache na kuacha mengine kama yalivyo.

Kwanza mwendo wa makundi. Nori zote ziende, zifike mwisho, kisha zote zirudi. Makutano ya uso kwa uso yanakwisha kabisa. Mtu atasema wageni wanakuja kuona nori ikishushwa. Wataiona, kwa sababu mwisho wa njia ni lazima igeuzwe, na hapo inafanyika bila haraka, wageni wakiwa wamesimama mahali palipotengwa badala ya kwenye mteremko wa tuta. Nori ziachiliwe kwa saa, moja kila dakika 2. Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, hiyo ni mita 800 hivi kati yao, pengo linalotosha hata mvua ikinyesha.

Pili, pini. Shimo moja kwenye kila mkato na kipande cha chuma kinachopita chini ya beringi, chenye mnyororo mfupi ili kisipotee, vinatosha kukizuia kichanja kisiruke. Kuvuta pini nne kunaongeza sekunde chache tu, na ulegevu wa mianzi haupotei. Breki iguse ekseli zote mbili na iendeshwe kwa wenzo wa mguu, kwani mguu una nguvu zaidi na mkono unabaki kwenye mti wa injini. Mkanda ufunikwe kwa kasha la mbao au bati linalong'oka kwa mkono. Ukingo wa mbele uwe na ubao wenye kimo cha sentimita 20, wa kukanyagia kwa ndani.

Springi tusingeweka, wala viti vyenye migongo. Vinaongeza uzito na kumwinua abiria juu, na mtu aliyekaa juu hurushwa kirahisi kuliko aliyekaa chini kwenye mkeka.

Ukaguzi wa asubuhi hauhitaji fundi mkubwa. Nori ya kwanza iende tupu, dereva peke yake, taratibu, akitazama mapengo ya viungo, mataruma yaliyosogea, kokoto zilizomwagika na mifugo iliyofungwa karibu. Vichaka vya ndani ya kona vikatwe mpaka mtu aliyekaa kwenye kichanja aone mita 100 mbele. Beringi zizungushwe kwa mkono. Inayokwama au kulia itolewe siku hiyo. Petroli ikae kwenye chombo chenye kifuniko, kilichofungwa mbali na bomba la moshi, wala isiwe chupa ya plastiki iliyoegemezwa miguuni mwa abiria.

Abiria naye ana la kuangalia kabla hajalipa, na linachukua muda mfupi. Amwombe dereva asukume nori kidogo kisha aisimamishe kwa breki mbele yake. Atazame kama kuna mkanda wa pili uliowekwa mahali. Aulize nori iliyotangulia imeondoka lini. Akiona mvua imeanza na madereva bado wanaondoka kwa kufuatana, asubiri mpaka reli ikauke, au aende kupanda ngazi za hekalu la Banan kwanza na kurudi baadaye.